Neno "cheque" na mfalme aliyezingirwa

Tangu hatifungani za sukuk, yaani zile zinazofuata sharia ya Kiislamu, zianze kutajwa mara kwa mara katika habari za fedha za Tanzania na Kenya, kumekuwa na dai moja linalorudiwa kwa uhakika mkubwa kila mazungumzo yanapofika kwenye mambo ya benki: kwamba neno la Kiingereza "cheque", yaani ile karatasi tunayoiita hundi, limetokana na neno la Kiarabu "sakk", ambalo wingi wake ndio huo "sukuk". Dai hilo lina mvuto wake. Ukiyatamka maneno hayo mawili kwa haraka, yanasikika kama ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanahusu maandishi yenye thamani ya fedha. Isitoshe, ni kweli kabisa kwamba wafanyabiashara wa nchi za Kiislamu walikuwa wakiandikiana hati za malipo karne nyingi kabla London haijawa na benki hata moja. Si ajabu basi kwamba watu makini, wenye elimu yao, wanalipokea dai hili bila kulihoji.

Hata hivyo, dai hilo si sahihi, na nadhani linastahili kusahihishwa kwa uangalifu, kwa sababu historia yenyewe inapendeza kuliko dai. Asili ya "cheque" kweli iko Mashariki, lakini haiko kwenye "sakk". Iko kwenye "shah", neno la Kiajemi lenye maana ya mfalme. Kutoka hapo neno lilipita kwenye mchezo wa sataranji, likaingia katika ofisi ya hesabu za wafalme wa Uingereza, likakaa muda mrefu likiwa neno la kuzuia na kukagua, na ndipo, mwanzoni mwa karne ya 18, likabandikwa kwenye karatasi za fedha.

Kabla ya kuifuata njia hiyo, yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa: asili ya kitu na asili ya jina la kitu. Watoto wa pwani ya Afrika Mashariki walikuwa wakisoma vyuoni, mbele ya mwalimu na ubao, karne nyingi kabla Mjerumani hajatia nanga hapa. Lakini neno "shule" ni la Kijerumani. Mtu akisema kwamba kusoma kuliletwa na Wajerumani kwa kuwa neno ni lao, atakuwa amekosea. Na akigeuza hoja hiyo, akasema kwamba neno "shule" lazima liwe la Kiarabu kwa kuwa elimu ya mwanzo ya pwani ilikuwa ya Kiarabu, atakuwa amekosea vilevile. Hundi nayo ni hivyohivyo. Karatasi za benki tunazozijua leo zilienea kwetu kwa mtindo wa benki za Kiingereza, ila jina tulilozipa, "hundi", ni la wafanyabiashara wa Kihindi, ambao walikuwa na hati zao za malipo zenye jina hilo tangu zamani. Kitu kimekuja kwa chombo kimoja, jina limekuja kwa kingine.

Jambo la pili ni namna ukweli wa asili ya neno unavyothibitishwa. Kufanana kwa sauti huzaa swali. Jibu hutafutwa kwingine. Katika Kiajemi kuna neno "bad", na maana yake ni baya. Katika Kiingereza kuna neno "bad", na maana yake ni hiyo hiyo. Maneno haya mawili hayana undugu wowote. Yamekutana kwa bahati tu. Nasi katika Kiswahili tuna paa la nyumba, paa wa porini na kitenzi kupaa, na hakuna anayedhani kwamba mnyama yule aliitwa paa kwa sababu alipaa juu ya paa. Anayechunguza asili ya neno hutafuta nyayo: maandishi yenye tarehe, mabadiliko ya sauti yanayofuata utaratibu unaoonekana pia katika maneno mengine, na mlolongo wa maana ambamo kila maana inaielekeza inayoifuata. Pakikosekana nyayo katikati ya njia, msafiri hakupita hapo.

Tuanze sasa na mfalme. Mchezo wa sataranji ulizaliwa India, ambako uliitwa "chaturanga", neno la Kisanskriti lenye maana ya viungo vinne, yaani vikosi vinne vya jeshi la kale: askari wa miguu, farasi, tembo na magari ya vita. Kufikia karne ya 6 au karibu na hapo ulikuwa umefika Uajemi, ukaitwa "chatrang". Waarabu walipoiteka Uajemi katika karne ya 7 waliupenda mchezo huo, na kwa kuwa lugha yao haina sauti ya "ch", wakauita "shatranj". Kiswahili kikalipokea jina hilo na kulilainisha likawa "sataranji". Neno "shaha" nalo likaingia: ndilo jina la mfalme katika mchezo huo, na washairi wetu wamelifanya cheo, wakimwita kinara wao shaha wa malenga.

Kwa asiyeujua mchezo, jambo moja tu linatosha kueleweka. Vipande vyote vinaweza kuliwa isipokuwa mfalme. Mfalme hutishwa, na anapotishwa, mchezaji wake lazima amwokoe kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Ndiyo maana mchezaji wa Kiajemi, na baada yake wa Kiarabu, alipokuwa anamtisha mfalme wa mwenzake alimwonya kwa sauti: "Shah!" Maana yake ni "Mfalme!", kwa maana ya "mwangalie mfalme wako, yuko hatarini". Na mfalme alipokosa pa kwenda kabisa, ilisemwa "shah mat", nao ukawa mwisho wa mchezo.

Hapo kwenye "shah mat" pana mjadala ambao Mswahili ana nafasi nzuri ya kuuelewa. Waarabu waliisikia "mat" kuwa ni ile "māta", amekufa, ambayo mzizi wake ndio uliotupa mauti na maiti. Kwa hiyo "shah mat" ikafasiriwa kuwa "mfalme amekufa", na ndivyo inavyoelezwa katika vitabu vingi hadi leo. Lakini Kiajemi chenyewe kina neno "māt" lenye maana ya kukwama, kuduwaa, kukosa la kufanya. Mimi naona tafsiri hii ya pili inaupatia mchezo wenyewe vizuri zaidi, kwa sababu katika sataranji mfalme hafi kamwe. Anazingirwa, anakosa mlango, na mchezo unaishia hapo akiwa bado amesimama ubaoni.

Mchezo huo ulivuka kuingia Ulaya kupitia nchi zilizokuwa chini ya Waislamu, hasa Hispania na Sicily, na kufikia mwaka 1000 au baada yake kidogo Wakristo wa Ulaya walikuwa wakiucheza. Nyayo za safari hii ziko wazi kabisa. Kipande ambacho Waingereza wanakiita "rook" ni "rukh" la Kiajemi. Kipande ambacho wao wanakiita askofu, Wahispania hadi leo wanakiita "alfil", yaani "al-fil", tembo, yule yule wa Suratul Fil ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua. Tazama jinsi nyayo za kweli zinavyokuwa: Kihispania kina alama ya Kiarabu hadi kwenye "al" ya mwanzo. Kumbukumbu hiyo itatufaa tutakaporudi kwenye "sakk".

Neno "shah" lenyewe lilipofika katika Kilatini cha zama za kati likawa "scaccus", na katika Kifaransa cha kale likawa "eschec". Wingi wa neno hilo, "esches", uliangusha silabi ya mwanzo ulipoingia katika Kiingereza ukawa "chess". Kwa hiyo Mwingereza anapoutaja mchezo wa "chess", kwa asili ya neno lake anasema "wafalme". Umoja wake nao uliangusha silabi hiyo hiyo ukawa "check", onyo la mchezaji, na kufikia karne ya 14 neno hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa katika Kiingereza.

Kuanzia hapa hakuna tena safari ya nchi kwa nchi. Neno limekaa mahali pamoja, na kinachosafiri ni maana. Wengi hupotea hapa, kwa sababu hawaoni mfalme wa ubaoni anahusiana vipi na kupima presha hospitalini, kusimamishwa njiani au kulipwa mshahara. Lakini tunayo mifano ya namna hii kwetu. Fikiria "kadi nyekundu". Ni kitu cha uwanjani, kinachomtoa mchezaji nje. Leo mtu anasema wananchi wamempa mbunge wao kadi nyekundu, na hakuna anayeuliza mwamuzi alikuwa nani. Neno limetoka uwanjani likiwa na maana moja tu ya msingi, ya kufukuzwa, na maana hiyo imetumika popote inapofaa.

"Check" ilifanya hivyo. Katika mchezo, neno hilo lilimaanisha kwamba huwezi kuendelea na mipango yako. Simama kwanza, shughulikia hatari hii. Watu wakaanza kulitumia kwa kila jambo linalomsimamisha mtu ghafla: jeshi lililozuiwa njiani, hasira iliyodhibitiwa, farasi aliyevutwa hatamu. Kutoka kuzuia, maana ikasogea hadi kudhibiti. Na jambo moja kubwa linalodhibitiwa katika maisha ya watu ni fedha na mali zinazopita mikononi mwa wengine, ambazo hudhibitiwa kwa kulinganisha hesabu moja na nyingine. Kwa hiyo kufikia mwishoni mwa karne ya 17, "to check" ilikuwa pia na maana ya kuhakiki, kulinganisha ili kuona kama kitu ni sawa. Hakuna hatua iliyorukwa: kutisha mfalme, kusimamisha, kuzuia, kudhibiti, kuhakiki.

Wakati maana hiyo ikisogea taratibu, tawi lingine la neno lilikuwa tayari limeshaingia katika fedha kwa mlango tofauti, nao ni mlango wa kitambaa. Ubao wa sataranji katika Kifaransa cha kale uliitwa "eschequier", na katika Kilatini "scaccarium". Wafalme wa Uingereza wa karne ya 12, ambao ofisi zao ziliendeshwa kwa Kifaransa na Kilatini, walikuwa na chombo cha kukagua mapato ya ufalme. Mtunza hazina Richard FitzNeal alikieleza chombo hicho katika kitabu alichokianza mwishoni mwa miaka ya 1170, na maelezo yake ni hazina kwa kila apendaye historia ya maneno. Anasema kulikuwa na meza yenye urefu wa futi 10 na upana wa futi 5, iliyotandikwa kitambaa cheusi chenye mistari, na juu ya mistari hiyo zilipangwa kete za kuhesabia.

Kitambaa hicho kilikuwa mashine ya hesabu. Kila safu ilikuwa na thamani yake: hapa senti za wakati ule, pale shilingi, pale pauni, kisha ishirini, mamia na maelfu. Kete moja ilikuwa na thamani kulingana na safu iliyowekwa, kama vile tarakimu 5 inavyokuwa tano, hamsini au mia tano kulingana na mahali inapoandikwa. Maofisa wa majimbo waliitwa mara mbili kwa mwaka, wakati wa Pasaka na mwishoni mwa Septemba, wakaketi upande mmoja wa meza, na watu wa mfalme upande wa pili. Ofisa aliyejua kusoma na asiyejua wote waliona kwa macho yao deni likipungua au likibaki. Kwa kuwa meza ile ilionekana kama ubao wa sataranji, ofisi nzima ikaitwa kwa jina la ubao. FitzNeal anaongeza sababu ya pili, nayo naipenda zaidi: kwamba kama vile katika sataranji wafalme wawili hupambana, ndivyo kwenye meza hii mtunza hazina na ofisa wa jimbo walivyopambana katika hesabu.

Jina hilo kwa Kiingereza ni "Exchequer". Waziri wa Fedha wa Uingereza bado anaitwa kwa cheo chenye neno hilo, na Wakenya wanalisikia katika taarifa za Kiingereza za fedha zinazotolewa na Hazina Kuu. Herufi "x" iliyomo ni kosa la waandishi wa zamani, waliodhani kwamba "es" ya mwanzo imetoka kwenye "ex" ya Kilatini, wakaisahihisha visivyo. Kosa limedumu karne kwa karne, na leo ndiyo tahajia sahihi.

Kwa bahati nzuri ofisa wa jimbo aliyetajwa hapo juu anatupa mfano wa karibu wa kufanana kunakopotosha. Kwa Kiingereza aliitwa "sheriff", na wapo wanaoamini kwamba neno hilo ni "sharif" la Kiarabu, lile lililotupa sharifu. Sivyo. Ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale yaliyounganishwa, "scir", yaani jimbo, na "gerefa", yaani msimamizi. Nyayo zake zimo katika maandishi ya Kiingereza yaliyotangulia hata kuja kwa Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa, mwaka 1066.

Turudi kwenye meza. Risiti za ofisi hiyo zilikuwa vijiti. Kijiti kilichongwa mikato ya kuonyesha kiasi: mkato wenye upana wa kiganja ulikuwa pauni elfu moja, wenye upana wa kidole gumba ulikuwa mia, na pauni moja ilikuwa na upana wa punje nono ya shayiri. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, kila upande ukabaki na nusu ya kila mkato. Aliyelipa aliondoka na kipande kirefu, kilichoitwa kwa neno lenye maana ya shina, na ofisi ikabaki na kingine. Siku ya ubishi vipande viwili viliwekwa pamoja. Mikato isipokutana, mmoja wao amedanganya. Hakukuwa na namna ya kughushi nusu moja bila kuwa na nusu ya pili. Vijiti hivi vilitumika hadi 1826, na vilipokuja kuchomwa katika matanuri ya jengo la Bunge tarehe 16 Oktoba 1834, moto wake ulishika na kuiteketeza sehemu kubwa ya jengo hilo.

Kanuni ya vijiti ndiyo kanuni ya kishina tunachokijua leo kwenye kitabu cha risiti au cha hundi: maandishi mamoja yaliyogawanywa sehemu mbili, moja inatoka na nyingine inabaki ili zije zilinganishwe. Na kulinganisha, kama tulivyoona, kulikuwa kumekwisha kuitwa "check". Mwaka 1706 neno hilo linaonekana katika Kiingereza likiwa ni jina la kishina chenyewe, kile kipande cha hati ya fedha kinachobaki ili kuzuia udanganyifu.

Ningeomba msomaji asimame hapo kidogo, kwa sababu ndipo ubishi wote unapoamuliwa. Maana ya kwanza ya "check" katika fedha haikuwa karatasi inayoiamuru benki ilipe. Ilikuwa kishina. Karatasi za kuamuru malipo zilikuwepo tayari London: ipo moja iliyohifadhiwa, ya tarehe 16 Februari 1659, iliyoandikwa kwa mkono kwa Morris na Clayton, waandishi wa hati na watunza fedha. Lakini karatasi za namna hiyo zilikuwa na majina mengine. Mwaka 1717 Benki Kuu ya Uingereza ilianza kutumia fomu zilizochapishwa ili kupunguza kughushi, na mwaka 1811 benki moja ya Scotland ilianza kuchapisha jina la mteja kwenye fomu zake. Kadiri karatasi zenye kishina zilivyozidi kuwa za kawaida, jina la kishina liliienea karatasi nzima. Hilo halina ugeni kwetu: ukisema umenunua ng'ombe vichwa kumi, hakuna anayedhani umenunua vichwa bila miili. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18, "check" ilikuwa ni hundi yenyewe.

Sasa tuipe "sakk" haki yake. Neno hilo ni la kale na lina heshima. Ni hati ya maandishi ya deni au ya haki, na wengi wanaolichunguza huliona limetokana na "chak" la Kiajemi lenye maana hiyo hiyo. Msafiri Ibn Hawqal, katika karne ya 10, aliiona katika Awdaghust, mji wa biashara uliokuwa kwenye nchi ambayo leo ni Mauritania, hati ya deni ya dinari 42,000 iliyomhusu mfanyabiashara wa mji huo na mwenzake wa Sijilmasa, upande wa pili wa Sahara. Fedha nyingi kiasi hicho zilisimama juu ya karatasi na mashahidi, katika jangwa, wakati ambapo Uingereza haikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Anayetaka kuonyesha kwamba biashara ya mikopo ya maandishi ilikomaa mapema katika ulimwengu wa Kiislamu ana ushahidi wa kutosha na haitaji kuliongezea neno la Kiingereza.

Kama "sakk" lingefika Uingereza, lingepita wapi? Biashara ya Waarabu na Ulaya ilipitia bahari ya Mediterania, mikononi mwa Waitaliano na Wahispania. Maneno yaliyopita njia hiyo yaliacha nyayo kila kituo. "Sukkar" ni "zucchero" kwa Kiitaliano na "azúcar" kwa Kihispania. "Sifr" ni "cifra" katika lugha zote mbili. Tumeona "alfil". Tungetazamia basi Waitaliano, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa benki katika Ulaya ya zama za kati, wawe na neno la hundi linalofanana na "sakk". Hawana. Wao husema "assegno", neno la Kilatini kabisa. Na Wahispania, walioishi na Kiarabu karne nyingi, wanasema "cheque", neno walilolipokea kutoka Kiingereza katika nyakati za karibuni. Wafaransa vilevile: "chèque" yao imetoka Uingereza. Hapo linaanguka pia dai la pili linalosikika mara nyingi, kwamba "cheque" ni neno la Kifaransa kwa kuwa linaishia na "que". Waingereza waliiga mwandiko huo kutoka kwenye "Exchequer", na Wamarekani hawakuufuata. Wao bado wanaandika "check" kama ilivyoandikwa mwaka 1706.

Kwa upande mmoja tuna mlolongo usiokatika, wenye maandishi kila hatua, kutoka kwa mfalme hadi kishina na kutoka kishina hadi hundi. Kwa upande mwingine tuna maneno mawili yanayofanana sauti, na kati yao pengo la karne kadhaa lisilo na hata andiko moja.

Neno hili limefika kwetu pia, na limefika zaidi ya mara moja. Mswahili wa leo husema "cheki mpira ule", "nitakucheki jioni", "nimekwenda kucheki presha", na Kenya wapo wanaosema "cheki" wakimaanisha hundi yenyewe. Yote hayo ni neno moja, lile lile la ubaoni. Ila lisichanganywe na "cheka", ambalo ni la Kibantu tangu mizizi yake na jamaa zake wanajulikana: "theka" la Kikuyu, "seka" la Kiganda, "hleka" la Kizulu.

Na kwa Waarabu wenyewe? "Sakk" bado wanalo, na ndilo limezaa sukuk za masoko ya leo. Lakini mteja wa benki Cairo anapoandika hundi, mara nyingi huiita "shik", neno lililotoka Ulaya. Karibu miaka elfu moja iliyopita Waarabu waliwakabidhi Wazungu neno "shah" pamoja na ubao wake. Walilorudishiwa, likiwa limevuka sataranji, meza ya kitambaa cheusi na kishina cha karatasi, ni hilo "shik".